Nimelipa advansi ya ng'ombe, jamaa kauza kwa mwingine

Wakuu habari, nilikubaliana na jamaa huku Shinyanga anitolee madume 6 kwa laki 9 kila moja, nikamtumia milioni 2 kwa simu anitunzie wiki mbili nitafute lori la kwenda mnada wa Pugu, jana nafika zizini nakuta kamba na mavi tu, kauza, eti kuna mtu kafika bei. Hatukuandikishana popote. Niende polisi?

>> Pole mkuu. Mkataba wa mdomo ni mkataba, Sheria ya Mikataba Sura 345 inautambua. Ile ya Uuzaji wa Bidhaa ndo inataka maandishi ila ukishatoa sehemu ya hela na yeye akaipokea umepona, kwa hiyo hizo meseji za muamala usifute hata moja. Fungua madai Mahakama ya Mwanzo, unadai advansi yako, na kama itabidi ununue wengine kwa bei ya juu ile tofauti unadai pia, kifungu cha 73 cha hiyo Sheria ya Mikataba.

>> Polisi watakwambia hayo ni madai, labda uoneshe alikudanganya tangu mwanzo, mfano ng'ombe hawakuwa wake.

>> (mleta mada) Walikuwa wake, niliona chapa. Sasa anasema atarudisha milioni 1, nyingine eti ni ya malisho ya hizo wiki mbili 😂

>> Malisho ya milioni?? Mwambie akutumie hiyo kwa meseji, uiprinti.