Mashua ya mbao futi 24, ya zamani: nifunge mashine ya farasi 15 au ya 40?

mvuvi_jibondo

Assalamu alaykum wakubwa. Nina mashua niliyoachiwa na marehemu baba, futi 24, imejengwa hapa hapa Jibondo, Mafia, kabla mimi sijazaliwa. Mwaka huu tuliipandisha pwani, tukabadilisha mbao za chini upande wa kushoto na kuipiga kalafati upya, kuziba maungio ya mbao. Fundi ameyagonga mataruma yote, yaani mbavu za ndani, anasema bado mazima.

Mpaka leo tunakwenda kwa tanga. Tunavua mishipi nje ya mlango wa Kinasi, pale pa kutokea bahari kuu, watu wanne, changu na chewa, kolekole wakijaliwa. Shida ni kurudi. Upepo ukilala mchana tunabaki nje na samaki, barafu inayeyuka, tukifika Kilindoni mnunuzi keshajaza makasha yake na bei anaitaja anavyotaka yeye.

Nimeonyeshwa mashine mbili, bei zinakaribiana: Yamaha Enduro 15 mpya, na Enduro 40 iliyotumika kwenye boti ya faiba. Vijana wangu wanaitaka 40. Shetri yangu, ule ukuta wa nyuma, ni bapa na usukani uko katikati. Naomba anayejibu awe amewahi kufunga mashine kwenye chombo cha mbao, maana ushauri wa faiba nimeshaupata mwingi.

KasiYaBahari

Ndugu, 40 moja kwa moja. Nipo Kigamboni, faiba yangu ni futi 23, natoka usiku na asubuhi mapema niko soko la Feri nauza. Bahari ikichafuka nina nguvu ya akiba mkononi. Mashine ya 15 kwenye mashua nzito yenye watu wanne na barafu itakuwa inalia tu, mwisho utanunua nyingine.

fundi_kivinje

Alaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu baba. Mimi ni fundi wa vyombo huku Kilwa Kivinje, madau na mashua ndiyo kazi yangu, basi nitasema la mbao.

Tazama kwanza umbo la chombo. Faiba ya huyo ndugu wa Kigamboni ina tumbo bapa, ukiipa moto inapanda juu ya maji na kuteleza. Mashua yako ina mkuku, ule mti wa chini kabisa, na tumbo la mviringo, inapasua maji, haiyapandi. Chombo cha namna hiyo mwendo wake wa mwisho unatokana na urefu wake majini. Ikiwa yako inakalia maji futi 22, mwendo wake wa mwisho ni noti sita na kidogo, kama kilomita 11 au 12 kwa saa. Ikifika hapo inakuwa imekaa kati ya wimbi lake la omo, yaani la mbele, na wimbi lake la shetri. Ukizidisha moto, omo linainuka, shetri inakaa chini, maji yanaanza kuchungulia kwa nyuma na petroli inakwisha. Mwendo unaouongeza ni mdogo mno kwa gharama hiyo.

Mashine ya 15 inaweza kuifikisha mashua yako karibu na mwendo huo, ila kwa sharti la propela. Mashine mpya kwa kawaida huja na propela ya boti nyepesi, pichi kubwa (pichi ni umbali propela inaosogea kwa mzunguko mmoja). Kwenye chombo kizito ni sawa na kupandisha mlima kwa gia ya nne: mashine inabanwa, inapata moto, na mtu anasema 15 haina nguvu. Angalia namba zilizochongwa kwenye propela yenyewe. Ya kwanza ni upana, ya pili ni pichi. Ukiona pichi ya 10, mwambie muuzaji akubadilishie akupe 8, au hata 7 akiwa nayo. Enduro 15 imetengenezwa izunguke mara 4500 hadi 5500 kwa dakika ukiifungulia mwisho. Ikishindwa kufika hapo na mzigo wako wa kawaida, pichi ni kubwa.

Sasa hiyo 40. Ina uzito wa kilo sabini na kitu, wakati 15 ni nyepesi sana kuliko hiyo. Lakini uzito si ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Msukumo wote wa mashine unaingia kwenye shetri. Shetri ya baba yako ilijengwa kubeba usukani. Hakuna aliyeijenga isukumwe. Ukiipa 40, vijana wataifungua mwisho kila siku, na misumari ya kwenye fashini, ule mti uliosimama nyuma, itaanza kucheza. Kalafati hutoka kwanza pale mbao za ubavuni zinapokutana na shetri, chini kabisa, mahali ambapo huoni mpaka ngama, pale maji yanapokusanyika ndani, imejaa na mtu mmoja hafanyi kazi nyingine ila kufua maji. Vyombo vya namna hiyo naletewa kila msimu, na mbao zilizopasuka huwa ni zile zile. Chombo kizima kinaharibika kwa ajili ya mwendo ambao hakikuupata.

mwenye_chombo_Wete

Naunga mkono fundi, nami naongezea hesabu. Mimi ni mama mwenye vyombo viwili Pemba, siendi baharini lakini petroli nanunua mimi. Mashine hizi za kuchanganya oili, zikifunguliwa mwisho, kadiria nusu lita kwa kila farasi kwa saa. Ya 15 inakula lita saba au nane, ya 40 inakula lita 20. Huku kwetu, kabla ya mgawo, mafuta yanatolewa kwanza, kisha ndipo inatoka sehemu ya chombo na mashine na sehemu ya mabaharia. Siku ya samaki wachache, mashine kubwa inakula jasho la mabaharia, na baharia asiyepata kitu wiki mbili anahamia chombo kingine. Waeleze vijana wako hivyo hivyo, kwa lita na shilingi.

mvuvi_jibondo

Ahsanteni sana, fundi, na wewe mama. Nimewasomea vijana, wamenyamaza kidogo. Maswali mawili. Nimepima shetri kutoka juu mpaka chini, pembeni mwa fashini, ni inchi 27. Muuzaji ana mguu mfupi na mguu mrefu. Kuna anayeniambia nikate shetri juu ili mashine ishuke. La pili, Kinasi siku za bamvua: 15 itanitoa?

fundi_kivinje

Usikate. Mbao ya juu ya shetri ndiyo inayozifunga mbavu mbili za nyuma zisitanuke, na chombo kina umri.

Chukua mguu mrefu, ule wa inchi 20. Inchi saba zinazobaki zishushe kwa kibao cha nje: ubao mnene wa mninga, ukamatwe na miguu miwili ya mbao kwa boliti zinazopita shetri mpaka ndani, na kwa ndani uweke ubao mwingine mpana ili boliti zisile mbao za zamani. Kipimo ni lile bapa lililo juu ya propela: likae inchi moja hivi chini ya tumbo la chombo. Likikaa juu zaidi, mashine itakula hewa kila wimbi likipita. Kibao kisimame mbali na shetri kiasi cha kichwa cha mashine kulala mbele bila kugonga unapoinua mguu kwenye maji madogo. Kijaribu kwa mashine yenyewe kabla hujatoboa.

Funga kando ya fashini. Nyuma ya mkuku maji huwa yamevurugika, propela haishiki. Usukani uache pale pale, uusukume mpaka mwisho upande wa mashine, uone kama propela inaufikia.

Kinasi maji yakitoka kwa bamvua huku kusi inaingia, mawimbi yanasimama wima mlangoni, wewe unapajua kuliko mimi. Hapo hata mwenye 40 asubiri maji yasimame. Pita na saa za maji kama baba alivyopita, na tanga na foromali, mti wa tanga, usiviache nyumbani.

Ikifika, saa kumi za kwanza changanya mara mbili, oili 800 mililita kwa lita 20 za petroli, usiifungue mwisho. Baada ya hapo 400 inatosha. Ukirudi, iwashe ndani ya pipa la maji matamu mpaka chumvi itoke, na utazame ule mchirizi wa maji pembeni. Ukidhoofu, zima, angalia impela ya pampu ya maji.

KasiYaBahari

Hilo la tumbo la mviringo sikulizingatia, fundi yuko sahihi kwa mashua. Mvuvi, nunua na pini za propela na plagi za akiba siku hiyo hiyo, na kamba ya kuzimia mashine anayeshika usukani aivae mkononi.

fundi_kivinje

Na zile inchi 27, zipime tena chombo kikiwa majini na watu wanne na barafu, uone shetri inazama mpaka wapi. Andika hapa kipimo kabla fundi wako hajatoboa tundu la kwanza.