Carlos Torre: cheo cha huruma au haki iliyocheleweshwa?

Wapenzi wa sataranji, kila likitajwa jina la Carlos Torre wa Meksiko hakosi mtu wa kusema kwamba ugrandmasta (cheo cha juu kabisa cha sataranji) aliopewa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mwaka 1977 ulikuwa wa kumfuta machozi mzee mgonjwa. Naipinga hoja hiyo, tena kwa nguvu.

Torre alizaliwa Mérida, Yucatán, mwaka 1904, akajifunza mchezo New Orleans. Mwishoni mwa 1925 aliketi kwenye mashindano ya Moscow na wachezaji wengine 20, miongoni mwao Lasker na Capablanca, bingwa wa dunia wakati huo. Alimaliza akigawana nafasi ya tano na Tartakower. Capablanca alitoka naye sare. Lasker, aliyeshika ubingwa wa dunia miaka 27, alifungwa kwa namna inayofundishwa hadi leo: Torre alisogeza askofu hadi mraba wa f6, akamwacha malkia wake aliwe. Kisha ngome yake ikaanza kuingia na kutoka mraba wa g7, karibu na mfalme wa Lasker. Kila ikitoka, askofu anamtishia mfalme. Kila ikirudi, ngome nayo inamtishia. Katikati ya mzunguko huo inaokota kete za Lasker moja baada ya nyingine, mwisho inamla hata malkia wa Lasker. Wenyewe wanaiita kinu cha upepo. Mimi huipanga upya ubaoni kila nikimfundisha mtoto, na bado inanisisimua.

Sasa tazameni orodha ya FIDE ya 1950, cheo hicho kilipotolewa rasmi kwa mara ya kwanza kwa watu 27. Tartakower yumo. Rubinstein na Grünfeld wamo, na wote wawili walimaliza nyuma ya Torre kule Moscow. Duras yumo, ilhali aliacha mashindano makubwa mwaka 1914. Torre alikuwa hai, yuko Meksiko. Hayumo.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili, maana ina uzito: wenzake hao walikuwa na miaka mingi ya mashindano, yeye alikuwa na takriban miwili tu. Mwaka 1926 akili yake ilielemewa akiwa New York, akarudi nyumbani kabla hajatimiza miaka 22, na safari yake miongoni mwa wakubwa ikaishia hapo. Lakini cheo hiki hupimwa kwa kiwango cha mchezo, si kwa muda wa utumishi kama pensheni. Ugonjwa ulimkatisha, haukufuta alichokwisha kukifanya. Na alipopewa haki yake alikuwa na miezi michache tu ya kuishi. Alifariki Mérida Machi 1978.

Anayeshikilia kwamba ilikuwa huruma anijibu hili: kijana aliyemfunga Lasker, akatoka sare na Capablanca na Alekhine (aliyekuja kuwa bingwa wa dunia), yote ndani ya mwaka mmoja, alipungukiwa na nini?