Tope la shimo la kuoshea magari nilipeleke wapi?

Beleshi: Wakuu, habari zenu. Nina sehemu ya kuoshea magari. Maji yanapita kwenye shimo lenye vyumba vitatu: mchanga unabaki cha kwanza, na viwili vya mwisho vina tope jeusi laini lenye utando wa mafuta. Sasa vimejaa. Vijana wanataka tulimwage mtaroni mvua ikinyesha, na jirani analiomba la bustani yake. Moyo wangu unakataa yote mawili. Ninyi mnalipeleka wapi?

MajiSafi: Mtaroni hapana kabisa. Mtaro wa mvua kwa kawaida humwaga mtoni bila maji kusafishwa. Na hilo si udongo tu, lina oili, grisi, zinki ya matairi na shaba ya breki. Jirani naye mkatalie kwa upole. Oili huoza polepole, lakini metali haziozi, zinabaki pale anapopanda mboga.

Mama Gereji: Ndugu yangu, kwanza usichanganye vyumba. Mchanga wa mwanzo huwa na uchafu mdogo. Lile laini la mwisho ndilo linaloshika mafuta na metali nyingi. Ukichanganya, umelichafua lote. Utando wa mafuta uondoe kwanza, uweke kwenye pipa lenye mfuniko pamoja na oili chafu.

Kisha likaushe. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na dampo nyingi hazipokei tope linalotiririka. Jenga sakafu ya zege yenye kingo, iinamie upande wa shimo ili maji yanayochuruzika yarudi humo. Paa ni lazima, la sivyo mvua ya kwanza itakusombea kila kitu. Likikauka, peleka sampuli maabara wapime mafuta na metali. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama linaingia dampo la kawaida au la taka hatarishi. Kama mnaosha injini pia, usishangae likiwa la taka hatarishi.

Beleshi: Asante sana mama. Nafasi ya sakafu ninayo. Kijana akiingia shimoni na beleshi atamaliza upesi?

MajiSafi: Asiingie! Tope lililokaa bila hewa hutoa gesi inayonuka kama yai viza, na inaua. Ikizidi, pua inaacha kuisikia, kwa hiyo harufu ikipotea usidhani hewa imekuwa salama. Ita gari la kunyonya lenye kibali cha taka za aina hiyo, na risiti uitunze. Kama hawalimwagi kwenye sakafu yako ya kukaushia, uliza mapema wanaenda kulimwaga wapi.

Beleshi: Nimeelewa, hakuna atakayeingia. Na nizoe kila baada ya muda gani?

Mama Gereji: Usihesabu miezi. Chovya kijiti kirefu kila wiki. Tope likifika robo ya kina cha chumba, zoa. Ukisubiri zaidi, maji yanapita haraka na kuondoka na uchafu.