Cheni ya Black Mamba inaruka: naitoa na kuirudisha vipi nyumbani?

mkaazi_wa_mtongwe
Asalaam aleikum mafundi. Baiskeli ni Black Mamba isiyo na gia, inabeba mikate kutoka Mtongwe hadi feri ya Likoni kila alfajiri. Cheni imeshika kutu, na ikikanyagwa kwa nguvu mlimani inaruka. Nataka kuitoa, kuiosha na kuirudisha mwenyewe. Nina plaizi, bisibisi na spana namba 15. Ile klipu ya kiungo kinachounganisha ncha za cheni inatazama wapi? Na nitajuaje kama cheni bado inafaa?

spoku_arobaini
Wa aleikum salaam ndugu. Kabla ya plaizi, shika futi. Iwe ya chuma, ya seremala. Ya mshona nguo inavutika. Cheni ikiwa ingali kwenye baiskeli, ikaze kwa mkono, kisha pima pingili 24 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya inasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikifika 308 imekwisha, hata ukiiosha ing'ae. Si kwamba bati (vile vipande bapa vya pembeni) zimevutika: pini na matundu yake ndiyo yanayolika, kila pingili inalegea kidogo, na ulegevu huo ukijumlishwa cheni haikai tena katikati ya meno.

Kutoa: legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, lisukume mbele. Zungusha pedali mpaka kiungo chenye klipu kikae juu ya friwili, ile sproketi ya meno ya gurudumu la nyuma. Hapo meno yanazishika ncha zote mbili na cheni haikukimbii. Taya moja ya plaizi iweke kwenye mkia uliogawanyika wa klipu, ya pili kwenye pini iliyo mbali na mkia huo, ubane taratibu huku umefunika kwa kidole gumba. Klipu huruka, na ikiangukia mchangani huioni tena. Utapata vipande vitatu: bati yenye pini mbili, bati tupu, na klipu.

Kurudisha: ingiza pini kutoka ndani kuja nje, weka bati, halafu klipu. Upande uliofungika, usio na mwanya, utangulie kule cheni inakoelekea. Kipande cha juu cha cheni huenda mbele, kwa hiyo hapo upande huo unatazama pedali. Kwenye kipande cha chini upande huo unatazama gurudumu la nyuma. Ukigeuza, kitambaa au ukingo wa kifuniko cha cheni ukigusa klipu utaisukuma itoke. Hakikisha imeingia kwenye mfereji wa pini zote mbili, si mmoja.

Mwisho vuta gurudumu nyuma. Cheni ikiguswa katikati icheze juu na chini kama nusu inchi. Zungusha pedali mzunguko mzima kwanza, kwa sababu sproketi ya mbele mara nyingi si duara kamili. Pima pale inapokaza zaidi. Ukisharidhika, tazama raba za breki: gurudumu likisogea, breki za vyuma nazo hazikai pale pale kwenye rimu.

bint_kibokoni
Maelezo mazuri kaka. Naongeza la kuosha, maana pwani kwetu ndipo watu wanapoharibu. Mafuta ya taa yanatoa grisi lakini hayayeyushi chumvi. Tikisa cheni ndani ya chupa yenye mafuta ya taa mara mbili au tatu, kisha ioshe kwa sabuni na maji matamu. Maji ya kisima yenye chumvi yasiiguse! Ifute, ianike juani hadi ikauke kabisa, na uitie mafuta siku hiyo hiyo. Ikilala mbichi, asubuhi ina kutu mpya.

Tone moja kwa kila rola (kile kipipa kidogo kinachozunguka kwenye pini), zungusha pedali, subiri, halafu futa nje yote mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanayobaki nje hayalainishi chochote, yanakusanya mchanga tu. Oili ya injini iliyokwisha tumika usiitie kabisa, ina unga wa chuma. Ndimu na siki za kulowekea usiku kucha pia hapana, asidi inaudhoofisha mnyororo.

mkaazi_wa_mtongwe
Shukran sana. Nimepima mara tatu sehemu tofauti: 308, 309, 308. Na meno ya friwili yamechongoka upande mmoja.

spoku_arobaini
Basi umepata sababu ya kuruka. Nunua cheni ya inchi 1/2 kwa 1/8 (ile ya 3/32 ni nyembamba, haitaingia kwenye meno yako) pamoja na friwili mpya yenye idadi ile ile ya meno. Cheni mpya juu ya friwili iliyolika itaruka kuliko hii ya sasa.

Kukata urefu, hesabu pingili za ile ya zamani. Usizilaze sambamba, ya zamani imerefuka itakudanganya. Ncha zote mbili zibaki zile nyembamba za ndani, ndipo kiungo kiingie. Huna kifaa cha kutolea pini? Piga tupa kichwa cha pini unayoitupa mpaka kiwe sawa na bati, laza cheni juu ya nati kubwa, gonga kwa msumari uliokatwa ncha.

Friwili ndiyo mpelekee fundi. Inahitaji ufunguo wake wenye meno, na bisibisi na nyundo vitaivunja.