Nigombee tena bodi ya shule au nipumzike? Nina wiki mbili za kuamua

MamaWatatu

Habari za humu ndani. Naomba ushauri, na tafadhali msinivishe kilemba cha ukoka.

Niko Minnesota, mwaka wa kumi na saba huu. Muuguzi, zamu za usiku. Novemba 2022 nilichaguliwa mjumbe wa bodi ya shule za umma za wilaya yetu. Kwa mlio nyumbani: hii "wilaya" haina mkuu wa wilaya wala mkurugenzi mtendaji (DED). Ni eneo la shule tu, na wakazi wenyewe ndio wanaochagua bodi. Bodi inaajiri msimamizi mkuu wa shule zote, inapitisha bajeti, na inapanga kodi ya majengo inayokwenda shuleni. Tuko saba. Muhula ni miaka minne, wangu unakwisha Januari 2027. Kwenye karatasi ya kura hatuandikwi vyama.

Fomu zinaanza kupokelewa Julai 28, mwisho Agosti 11. Ada ni dola 2. Mbili, hamjasoma vibaya. Mara ya kwanza nilidhani karani ananitania. Nikampa noti ya tano, akazunguka ofisi nzima kutafuta chenji.

Sasa shida yangu. Mwaka jana tulifunga shule ya msingi. Watoto wamepungua mwaka hadi mwaka, na fedha za shirikisho zilizokuja wakati wa korona zilifika ukomo Septemba 2024. Ruzuku ya jimbo nayo inahesabiwa kwa kichwa: mtoto akihamia kwingine, anaondoka na fedha yake. Lile jengo lilikuwa na madarasa yanayofanya kazi ya stoo. Tukapiga kura, 4 kwa 3. Wa nne ni mimi.

Na ndiyo shule aliyokuwa anasoma kitinda mimba wangu. Usiku ule watu walipanga foleni kwenye maikrofoni, dakika tatu tatu, mpaka saa tano. Mama mmoja alisimama, akaniangalia mimi tu, akasema, "Wewe tulikuchagua kwa sababu mtoto wako yuko hapa." Akakaa. Afadhali angenitukana.

La pili ndilo linalonifanya nisilale hata mchana nikitoka zamu. Kuna mfanyakazi aliyependwa sana, aliondoka katikati ya mwaka, na mtaa mzima unaamini tulimfukuza kwa roho mbaya. Kikao kile cha faragha nilikuwamo. Sheria ya jimbo inalinda taarifa za mfanyakazi, kwa hiyo siruhusiwi kusema hata nusu neno. Hata ule usemi wa "mngejua mngenyamaza" siwezi, maana nao ni kusema. Mtu akinikamata dukani nabaki nimeshika kabichi namwangalia.

Mume wangu anasema nimetosha, nipumzike. Mwanangu mkubwa anasema nikiacha watu watasema nimekimbia. Mnanishaurije? Na nikigombea, nikabisha hodi kwenye nyumba ambayo kibao cha "Okoa shule yetu" bado kimesimama kwenye nyasi, naanza na neno gani?

---

HodiHodi

Shikamoo mama. Mimi nimetembea nyumba kwa nyumba chaguzi tatu hapa hapa Minnesota, kwa hiyo nitasema ya miguuni, ya moyoni waseme wakubwa.

Nyumba zenye kile kibao ziwe za kwanza. Usiziache hadi Oktoba. Kura za mapema zinaanza Septemba 18, siku 46 kabla ya Novemba 3, na wazee wengi wa huku hupiga kura zao mapema kwa posta. Ukifika Oktoba ukajieleza vizuri kama malaika, bahasha ilishaondoka.

Kingine: kura ya bodi ya shule iko mkiani mwa karatasi, mara nyingi nyuma kabisa. Watu wanaanza na viti vikubwa kama gavana, wanachoka, wanairudisha. Mimi nilikuwa nabeba mfano wa karatasi ya kura, nawaonyesha kwa kidole, "geuza, halafu shuka chini." Wengine walikuwa hawajawahi kugeuza maisha yao yote.

Kama viti vinavyowaniwa ni vitatu, karatasi itasema chagua hadi watatu. "Hadi", mama. Mtu akikuchagua wewe tu kura yake ni halali, na anakuwa hajawapa wapinzani wako zile nafasi mbili zilizobaki. Waambie watu wako wa karibu.

Ukikusanya au kutumia zaidi ya dola 750 kwa mwaka, unawajibika kutoa taarifa ya fedha, weka risiti zote hata za gundi. Vipeperushi viandikwe nani amevilipia. Na usiguse barua pepe ya wilaya kwa jambo la kampeni, hata kumjibu mtu "asante kwa kuniunga mkono". Namjua mgombea aliyejipiga picha darasani na watoto kwa nia njema kabisa, akamaliza mwezi mzima anaomba radhi.

Neno la kuanzia? Mimi huanza na jina langu na "najua hukufurahi". Halafu nanyamaza. Kwenye baridi watu hawakuachi umesimama kimya mlangoni muda mrefu, watasema tu.

---

MlipaKodi

Mimi sina mtoto shuleni, wangu wamemaliza. Nyumba ninayo, na kodi yake nailipa. Nitauliza ambayo wapiga kura wa aina yangu watauliza, usinichukie dada.

Moja, shule imefungwa, kilichookolewa kimekwenda wapi? Msituambie "kwenye mfuko mkuu". Nataka kuambiwa walimu wangapi hawakupunguzwa, au paa la shule ipi halikuvuja.

Pili, tangu 2023 sheria ya Minnesota inaruhusu bodi kuihuisha ile kodi ya nyongeza iliyokwishapitishwa na wapiga kura, mara moja, bila kurudi kwetu kutuuliza. Ninyi mlifanya hivyo? Wewe ulipiga kura gani?

Kama huna jibu la hayo mawili, sikiliza ushauri wa mumeo.

---

MamaWatatu

HodiHodi, marahaba mwanangu. Hilo la bahasha kuondoka mapema sikulifikiria kabisa, 2022 nilianza kubisha hodi baada ya shule kufunguliwa.

MlipaKodi, sikuchukii. Ndiyo, tuliihuisha bila kuwauliza, na mimi nilisema ndiyo. Kiwango hakikupanda, na kama ingekataliwa tungepunguza walimu mwaka huo huo. Lakini nakiri niliona pia raha ya kutopita kwenye milango kuomba. Hilo sikulisema kikaoni, nalisema hapa.

Fedha iliyookolewa: nina jumla, sina mchanganuo. Nimeinua simu asubuhi hii kuuomba. Nimeona aibu kidogo kwamba sikuwa nao, maana mimi ndiye niliyepiga kura ya nne.

---

BabuTheluji

Mwanangu, hujambo. Nilikaa bodini mihula miwili, wilaya ndogo ya kusini mwa jimbo, mashamba ya mahindi pande zote. Muhula wa tatu wakaninyima. Kwa hiyo nachangia kama mtu aliyeshinda na aliyeshindwa.

Kwanza la mfanyakazi. Jibu ninalo, na limenisaidia miaka. Eleza njia, yaliyomo yaache. Unaruhusiwa kabisa kusema: malalamiko kuhusu mfanyakazi yakija, hupokelewa na nani, huchunguzwa na nani, bodi hukutana kwa faragha kwa sababu gani, na uamuzi wa mwisho hupitishwa wapi. Hayo ni ya kila mfanyakazi, humtaji mtu. Jiandikie sentensi tatu, zikariri kama dua, na ukimaliza ya tatu usiongeze ya nne. Ya nne ndiyo huwa inampeleka mtu mahakamani. Na uso wako uangalie! Mjumbe mwenzangu hakusema neno hata moja, lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko kila jina likitajwa. Mji mzima ukaelewa, na sivyo ilivyokuwa.

Pia mkiwa mnapanga kampeni, wewe na wajumbe wenzako mnaogombea, msikae wanne kwenye meza moja ya kahawa mkaanza kuzungumza mambo ya bodi. Mko saba, wanne ni akidi, na sheria ya mikutano ya wazi haijali kwamba mlikuja kwa ajili ya kahawa. Kupitishiana barua pepe kwa mzunguko mpaka wafike wanne, yale yale.

La watu wetu. Hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa siandiki kwa herufi kubwa: mwenye kadi ya ukaazi hapigi kura. Bodi ya shule Minnesota ni kura ya raia tu. Kuna vijana wenye nia njema wanasimama nje ya ibada na fomu za kujiandikisha, wanamgawia kila mwenye sura ya nyumbani. Mtu anajaza akidhani ni orodha ya wazazi, miaka mitatu baadaye anaomba uraia, anaulizwa umewahi kujiandikisha kupiga kura, na hapo ndipo anapoanza kulia. Kwenye kampeni yako iwe marufuku kumpa mtu fomu kabla ya kumwuliza. Asiye raia ana kazi nyingine nzuri: aje kikaoni, apange foleni kwenye ile maikrofoni. Dakika tatu zake ni sawa na za mwenyeji.

Sasa ugombee? Sijui. Mimi ule muhula wa tatu niligombea kwa sababu nilikuwa nimezoea kiti. Nilikuwa nikiulizwa "unataka kufanya nini", najibu niliyoyafanya. Watu wanasikia, wanatabasamu, wanampigia mwingine. Nilikasirika majira yote ya baridi, mke wangu akanitafutia kazi ya kuchonga vijiko.

Yule mama wa maikrofoni. Umewahi kuzungumza naye tangu siku ile?

---

MlipaKodi

Mzee hapo kwenye kuzoea kiti amegusa penyewe. Dada, kwa kukiri la kodi umenipunguzia hasira nusu. Nusu nyingine nasubiri mchanganuo.

---

MamaWatatu

Samahani kwa ukimya, nilikuwa na zamu nne mfululizo.

Babu, shikamoo. Hapana, sikuwahi kuzungumza naye. Nilikuwa nikimwona mbali nabadilisha njia. Baada ya kusoma ulichoandika niliona haya, Jumamosi nikaenda. Kibao bado kipo, kimepauka. Sikumwambia nagombea, maana nilikuwa sijaamua. Nikafanya kama HodiHodi: jina langu, "najua hukufurahi", kimya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya shule. Nilikuwa na takwimu za madarasa kichwani, na umri wa boila inayopasha joto jengo. Hakuuliza hata kimoja. Aliniambia, "Shule imeshafungwa, hilo nimelizika. Mwanangu anatembea."

Ipo hivi. Sheria inatulazimisha kumpa mtoto basi akikaa maili 2 au zaidi kutoka shuleni. Chini ya hapo ni hiari ya wilaya. Shule ya zamani ilikuwa mwisho wa mtaa wake. Hii mpya iko maili moja na nusu, kwa hiyo hana basi. Mtoto wa darasa la pili, Januari, giza la asubuhi, baridi ya chini ya sifuri inayogandisha kope, na anavuka barabara ya malori. Mama ana zamu ya alfajiri. Alikuwa anampeleka jirani, jirani akahama.

Ile ramani niliiona. Usiku wa kupiga kura ilikuwa ukutani, duara la wasiopewa basi limechorwa kwa rangi ya chungwa kuzunguka shule mpya. Niliuliza kuhusu boila. Niliuliza kuhusu walimu. Duara sikuuliza lina watoto wangapi ndani yake ambao jana yake walikuwa hatua mia moja kutoka darasani. Hakuna mjumbe aliyeuliza, hata wale watatu waliopinga.

Jumatatu nikamwomba msimamizi mkuu hesabu ya watoto walio ndani ya duara kutoka ule mtaa. Amesema ataniletea. Msimamizi wa usafiri ananiambia njia za mabasi za mwaka huu zimeshapangwa, madereva wenyewe hawatoshi, labda kwa mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata njia zinapangwa majira ya kuchipua 2027. Mimi muhula wangu unakwisha Januari.

Mchanganuo wa fedha nao umekuja, MlipaKodi. Kurasa kumi na moja. Kwa jinsi ninavyousoma, sehemu kubwa ilizuia nafasi za walimu zisikatwe, na kipande kizuri kimemezwa na gharama za elimu maalumu ambazo serikali haizilipi zote. Nitaupandisha hapa, maana ni waraka wa umma, uupitie kwa miwani yako. Utaona mstari wa usafiri umeshuka. Tulipongezana kwa ule mstari.

Leo mchana nimepita ofisini kabla ya kulala. Karani ni yule yule. Nilikuwa na noti mbili za dola moja, nilizitafuta tangu jana. Nimejaza, nimeapa, nimepewa nakala.

Mume wangu ameisoma nakala yote, hadi maandishi madogo. Kumbe mgombea anaruhusiwa kujiondoa hadi saa kumi na moja jioni, siku ya pili baada ya dirisha kufungwa. Amechukua kalamu nyekundu akazungushia Agosti 13 kwenye kalenda ya jikoni, kisha akaniuliza kama vile vibao vyangu vya 2022 bado viko gereji au panya wamevila.