Katamarani ya safari ndefu: mikuku ya kudumu au mbao za kushusha?

Mwenye swali (Kilifi)

Ndugu mabaharia, salamu. Mimi na mke wangu tunaundiwa katamarani ya faiba (chombo cha matanga chenye bodi, yaani viwiliwili, mbili sambamba) yenye urefu wa mita 13, ambayo tunakusudia kuishi humo na kusafiri hadi Ushelisheli, Madagaska na kwingineko. Kabla hajaanza kalibu (umbo la kuundia chombo), fundi anataka tuamue: chini ya kila bodi tuweke mkuku (uti wa chini ya chombo) mfupi wa kudumu, au mbao ndefu za kupandisha na kushusha? Yeye anapendelea mbao kwa kuwa chombo hubisha (huenda dhidi ya upepo) vizuri zaidi, nami naona hoja yake, maana kutoka huku hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, takriban maili 950 za bahari, upepo ni wa mbele, uwe wa kusi au wa kaskazi. Pia, jiko likae juu sebuleni au chini ndani ya bodi?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, kuhusu kubisha fundi wako amesema kweli, lakini fikiria chombo kitakapokuwa siku nyingi za mwaka: kwenye nanga, karibu na miamba, mahali ambapo maji ya bamvua hupwa kwa zaidi ya mita 3. Mkuku mfupi hukinga usukani na rafadha, na maji yakipwa chombo hukaa chenyewe mchangani, ukashuka na brashi kusugua mwani. Ubao ulioshushwa ukigonga mwamba kwa kasi waweza kupasua ala yake (nafasi ndani ya bodi unamopita), na maji yakaingia. Sharti langu ni kwamba mkuku uundwe peke yake, kisha ugundishwe chini ya bodi iliyokwisha kuzibwa, ili ukivunjika bodi ibaki nzima.

Jibu la pili

Naafiki, ila kuna jambo kubwa zaidi ambalo hukuliuliza, nalo ni nafasi kati ya maji na sakafu inayounganisha bodi mbili. Nilisafiri katika katamarani ambayo sakafu yake ilikuwa chini mno. Tulipobisha, kila wimbi lililopita katikati liligonga kwa kishindo, vikombe vikaruka mezani, na usiku wa tatu nikaona ufa mwembamba umetambaa kwenye kiungo chini ya meza. Hakuna aliyelala.

Katika urefu huo, nisingekubali chini ya sentimita 80, zikipimwa chombo kikiwa kimepakiwa. Piga hesabu: bodi mbili zikishika eneo la mita za mraba 25 hivi kwenye usawa wa maji, kila tani huzizamisha takriban sentimita 4. Lita 600 za maji na lita 400 za dizeli peke yake ni karibu tani nzima, bado chakula, betri, minyororo na vipuri.

Jiko liweke juu, mpishi apate hewa na kuona mbele. Usisahau vyumba visivyopenya maji kwenye omo (sehemu ya mbele) ya kila bodi.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Nimempigia fundi: mchoro unaonyesha sentimita 70, na hizo ni za chombo kitupu. Amekubali kusimamisha kalibu, na Jumatatu tutakaa naye tuinue sakafu kabla ya kuzungumzia mikuku.