Sakafu ya mbao sebuleni: rangi nzito au ya asili?

Mwenye nyumba, Bwiru
Ndugu zangu, ninamalizia nyumba juu ya majabali, na sebule inayotazama ziwa nimekusudia kuiwekea sakafu ya mninga. Mke wangu anataka ipakwe rangi nzito ya kahawa. Mimi naona vanishi isiyo na rangi inatosha. Mnatushauri nini?

Jibu, Nyegezi
Kwa uzuri namuunga mkono shemeji, ila si kwa ufagio. Sakafu yangu niliikoza ikakaribia weusi, na tangu hapo kila chembe ya vumbi la kiangazi, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, huonekana kana kwamba nimewatandaza makusudi.

Jibu, fundi seremala
Mninga una rangi yake tayari, kuanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu, na kuufunika ni kutupa fedha ulizoununulia, isipokuwa kama umeuziwa mbao zenye sehemu nyeupe ya nje ya gogo, ambazo hakika zitahitaji kusawazishwa rangi. Piga msasa kipande kimoja, kifute kwa kitambaa chenye maji, na rangi utakayoiona ndiyo inayokaribia ile ya vanishi. Kitazame karibu na dirisha asubuhi, kisha usiku chini ya taa. Ingekuwa mvule ningekuonya zaidi, kwani huanza na umanjano na kukolea kwa mwanga, hivyo mahali palipofunikwa na zulia hubaki pameparara.

Mwenye nyumba, Bwiru
Nashukuru. Nitaandaa vipande viwili, mke wangu achague mwenyewe.